AKIBA YETU NA BIASHARA YA WAGENI



Hapana shaka wengi wenu mmekwisha kusikia shauri lililoletwa mbele ya Halmashauri na baadhi ya wenzetu, kwamba akiba ya chama itolewe benki ilikolala, iongezwe mkopo juu yake, na kwa fedha hizo tujenge hoteli ya vyumba 20 pwani kwa ajili ya watalii. Shauri hili litafika katika Mkutano Mkuu. Waliolileta ni watu tunaowaheshimu, na sababu zao si za kitoto. Wasema kwamba mkarafuu una mwaka wake wa kuzaa na mwaka wa kupumzika, lakini mgeni huja kila mwezi. Wasema vijana wetu hawataki tena kupanda miti. Wasema fedha zinapita mbele ya macho yetu katika magari meupe yenye vioo vyeusi, nasi tumesimama kando ya njia na makapu yetu.

Yote hayo ni kweli. Walakini sisi twalipinga shauri hili, na ni haki ya kila mwanachama aelezwe kwa nini. Twapenda kwanza tuitazame biashara hii ndani yake, khasa namna fedha zake zinavyotembea, maana wengi wetu twaijua kwa nje tu.

Tuanze kwa kuipa haki yake. Mwaka 2019 visiwa vyetu vilipokea wageni zaidi ya 538,000. Mwaka 2024 walipita 736,000. Wakubwa wa Serikali hutaja utalii kuwa karibu thuluthi ya pato letu, na fedha za kigeni zinazoingia nchini sehemu iliyo kubwa huingia kwa mlango huo. Karafuu, ambayo zamani ndiyo iliyokuwa ikilisha hazina, haiwezi tena kudai cheo hicho, na mkulima anayekataa kulikubali hilo anajidanganya nafsi yake. Kuna nyumba nyingi leo, hata za wanachama wetu, ambazo ada ya skuli hulipwa na kijana anayetandika vitanda Nungwi au Paje.

Wala tusijifanye kwamba karafuu haijapata kututupa. Wazee wanakumbuka. Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu husagwa na kuchanganywa na tumbaku katika sigara zao za kreteki. Wakapanda mikarafuu yao wenyewe, ikazaa, na katika miaka ya 1980 wakawa wanajitosheleza. Bei ikaporomoka. Mashamba mengi Unguja na Pemba yakaachwa yakawa vichaka, na mikarafuu mingine ikaishia kuwa kuni. Kosa letu halikuwa kupanda karafuu. Tulikuwa na mlango mmoja wa kuuzia, na ufunguo wake ulikuwa kwa mwingine. Tafadhali lishikeni neno hili, kwani tutalihitaji tena hapa chini.

Sasa tumfuate mgeni mmoja. Tuseme anatoka Poland, na mwezi wa Januari ananunua safari ya kuja kwetu mwezi wa Julai. Huenda kwa wakala, na wakala humwuzia ndege, kitanda, chakula na gari la kumpokea, vyote kwa bei moja. Mgeni hulipa mbele. Wakala huzikalia fedha hizo miezi kadhaa, na katika miezi hiyo ni zake kuzitumia. Julai mgeni anafika, analala siku saba, anakula, anaogelea, anakwenda zake. Hapo ndipo mwenye hoteli anapoandika hesabu yake na kuipeleka kwa wakala, na kwa mapatano yao hulipwa baada ya siku 30, au 60, na pengine zaidi. Mwenye hoteli naye amenunua samaki, mayai, tungule na mchicha, na yeye pia husema, "Njoo mwisho wa mwezi," na mwisho wa mwezi husema, "Wakala hajaleta."

Mtazameni basi mwuza mchicha. Amelima Juni, amevuna Julai, amelipwa Septemba. Yule mgeni alikwisha kulipa Januari. Katika mlolongo mzima hapana aliyekosa kutumia fedha za mwenziwe isipokuwa huyu mama mwenye mchicha, ambaye hana wa kumkopa. Yeye ndiye anayewakopesha wote, wala hajui kwamba amegeuka benki.

Hii ndiyo siri ya biashara ya wageni, nasi twaona ni kubwa kuliko ile inayosemwa kila siku, kwamba fedha nyingi hubaki Ulaya. Hiyo nayo ni kweli: ndege ni ya wenyewe, wakala ana fungu lake, na hata hoteli ambazo hupata wageni kwa mtandao wa simu hukatwa kwa kawaida 15 mpaka 25 katika kila 100. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 juu ya utalii wa Zanzibar ulikadiria kwamba katika kila shilingi 100 zilizopatikana humu, kiasi cha shilingi 10 tu ndizo zilizowafikia watu maskini. Lakini fungu dogo huweza kuongezwa kwa kujadiliana. Kulipwa mwisho ni jambo jingine. Anayelipwa mwisho ndiye anayebeba hatari ya wote waliomtangulia.

Ushahidi wa jambo hili tunao. Kampuni ya Thomas Cook ya Uingereza ilikuwa na umri wa miaka 178, chanzo chake ikiwa safari ya gari moshi iliyopangwa mwaka 1841. Lau mwenye hoteli yeyote angeulizwa wakala yupi ni wa kuaminiwa, angelitaja jina hilo bila kusita. Tarehe 23 Septemba 2019 ikafilisika. Ilikuwa na deni la zaidi ya pauni bilioni moja na nusu. Siku hiyo watu kiasi cha 600,000 walikuwa safarini kwa mkono wake, na Waingereza kati yao walikuwa kiasi cha 150,000. Wale wasafiri wa Kiingereza hawakupotea: iko dhamana iliyowekwa kwa sheria kwa ajili yao, na Serikali yao ilikodi ndege ikawarejesha makwao.

Na wenye mahoteli? Wao hawakuwa na dhamana. Waziri wa Utalii wa Tunisia alitangaza kwamba mahoteli ya nchi yake yalikuwa yakiidai kampuni hiyo kiasi cha euro milioni 60, fedha za wageni wa Julai na Agosti. Tazameni hiyo miezi! Ndiyo miezi bora ya mwaka kwao, miezi ya kulipia deni la mwaka mzima. Wageni walikwisha kula na kulala, shuka zilikwisha kufuliwa, mishahara ilikwisha kulipwa, na fedha zilikuwa London katika kitabu cha mtu aliyekufa kibiashara. Ugiriki na Hispania walilia vivyo hivyo. Nyuma ya kila hoteli bila shaka alikuwako mwuza samaki na mwuza mayai, ambao magazeti hayakuwaandika.

Baadhi ya wenzetu watasema: hayo ni ya wakala, sisi tutatafuta wageni wetu wenyewe. Vyema. Basi tupige hesabu ya hoteli yenyewe. Hesabu hii ni ya mfano tu. Kila mwanachama anaweza kuibadilisha kama atakavyo.

Tuseme hoteli ya vyumba 20 inagharimu dola milioni moja, nusu yake akiba yetu na nusu mkopo wa riba ya 12 kwa 100. (Hatuingii hapa katika suala la riba na dini, ambalo kila mmoja wetu ana jibu lake nyumbani.) Riba peke yake ni dola 60,000 kwa mwaka. Wafanya kazi 30, kwa dola 250 kila mwezi, ni 90,000. Matengenezo, bima, leseni na ada, tuseme 40,000. Jumla 190,000, nazo hulipwa hata akikosekana mgeni mmoja. Tena kila chumba kinapolaliwa kuna chakula, umeme, maji, sabuni, tuseme dola 25 kwa usiku.

Chumba tunakiuza kwa dola 100, tukitoa fungu la mwuzaji zinabaki 80. Mwaka una siku 365, kwa hiyo tuna usiku 7,300 za kuuza. Tukiuza nusu, yaani 3,650, tutapata dola 292,000. Tutatoa 91,250 za matumizi ya vyumba, na zile 190,000. Zinabaki dola 10,750, na katika hizo hatujalipa hata senti moja ya deni lenyewe. Tukiuza 70 katika kila 100, twabakiwa na dola 91,050, na hapo wenzetu watatuona sisi wapumbavu. Lakini tukiuza thuluthi tu, twapata hasara ya zaidi ya dola 56,000 kwa mwaka mmoja. Baina ya utajiri na mnada pana vyumba saba au vinane kila usiku. Mikono inayovijaza au kuviacha vitupu iko mbali sana na Mkutano wetu Mkuu.

Na yale ya mwaka 2020 hayajasahauliwa. Machi ya mwaka ule ndege za wageni zilisimama kwa ajili ya maradhi ya korona, mahoteli yakafungwa, na milango haikufunguliwa mpaka Juni. Mwaka ule wote waliokuja ni kiasi cha 260,000, hata nusu ya mwaka uliotangulia haikutimia. Vijana walirudi mashamba kwa miguu yao. Wako waliochuma karafuu mwaka ule ambao walikuwa wameapa hawatashika tena kapu.

Hapa pana tofauti ambayo sisi wakulima yafaa tuielewe kuliko watu wengine. Karafuu iliyochambuliwa makonyo, ikaanikwa juani siku zake kamili na kukauka vizuri, huweza kungoja ghalani. Mwenye njaa atauza leo, lakini mali haitaki kuuzwa leo. Usiku wa chumba hauna ghala. Usipouzwa kabla ya alfajiri umekufa, na kesho hauwezi kuuzwa pamoja na wa kesho. Ndiyo maana mwenye hoteli, masika inapoingia na vyumba vikawa vitupu, hukubali bei yoyote anayopewa na wakala. Hukubali kwa udhaifu wa bidhaa yake, na wakala anaujua udhaifu huo.

Jambo jingine hatujalisikia likisemwa wazi, basi tulitaje kisha tupite. Wenye kuijua kazi hii husema faida nzuri ya hoteli iko katika vinywaji. Nani miongoni mwetu atakayeshika ufunguo wa ghala la pombe? Halmashauri itazame na hilo.

Tunataka nini, basi? Hatusemi tuwakimbie wageni. Twasema chama chetu kiingie katika biashara hii kwa mlango ambao fedha hulipwa mbele, na kwa kile ambacho tayari tunakijua.

Serikali yenyewe imelifahamu jambo hili. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni wa kutoka nje aliye mtu mzima hulipa dola 44 za bima kabla ya kuingia Zanzibar. Hakuna "njoo mwisho wa mwezi". Ikiwa hazina haikubali kulipwa mwisho, kwa nini mkulima akubali?

Chukueni mathalan matembezi ya mashamba ya viungo. Kila siku wageni hupelekwa Kizimbani, Kidichi na kwengineko kuonyeshwa mkarafuu, mdalasini na kungumanga. Huvishwa kofia na tai za makuti, hupigwa picha, hutazama kijana akipanda mnazi huku akiimba. Mgeni amelipa mjini, kwa kampuni au kwa papasi aliyemkamata njiani. Mwenye shamba mara nyingi hupata bakhshishi, na kijana wa mnazi naye bakhshishi. Mti umepandwa na babu, umepaliliwa na baba, na anayelipwa kwa kuonyeshwa kwake ni mtu aliyemjua mgeni tangu asubuhi! Twapendekeza wanachama wote wenye mashamba yanayotembelewa waweke ada moja ya kuingia, yenye risiti ya chama, ilipwe langoni kabla gari halijazima. Fungu moja liende kwa mwenye shamba, fungu jingine mfuko wa chama. Tukiwa kumi na mmoja akapunguza bei kwa siri, mpango umekufa, hilo twalijua, na ndiyo kazi ya chama kuwa chama.

Pili ni mboga na matunda. Ni aibu kwamba sehemu kubwa ya tungule na mbatata zinazoliwa katika mahoteli yetu huvuka bahari kutoka bara. Lakini tusiwalaumu wapishi kwa haraka. Mpishi anataka kilo 40 za tungule kila Jumanne, mvua inyeshe isinyeshe, nasi tunamletea kilo 200 wiki moja na wiki tano zinazofuata hatumletei kitu, kwa kuwa tumepanda sote siku moja na kuvuna sote siku moja. Mfanyabiashara wa bara anashinda kwa sababu chombo chake hakikosi kufika. Kinachotukosesha soko, basi, ni maji ya kiangazi, zamu ya kupanda, na gari moja lenye kivuli na makreti. Akiba yetu yatosha kwa vitu hivyo bila kukopa. Na mapatano yawe ya maandishi: nusu hulipwa gari linaposhusha, nusu ndani ya siku 14. Hoteli itakayokosa mara mbili gari lisiingie tena langoni mwake, hata meneja akiwa mkwe wa mwenyekiti.

Tatu, na hili ndilo tungelitaka lipewe fungu kubwa kuliko yote, ni sakafu za kuanikia na maghala makavu kwa matawi ambayo bado huanika juu ya majamvi kando ya barabara. Karafuu iliyoota ukungu kwa mvua ya ghafla hushuka daraja, na tofauti ya daraja ni fedha ambayo tumekwisha kuifanyia kazi tukaitupa. Pamoja na hayo uwekwe mfuko wa kuwalipa wachumaji kwa wakati. Miezi ya kuchuma mara nyingi hugongana na miezi ya wageni wengi. Mchumaji anayejua kwamba jioni atapimiwa na kulipwa hatakwenda kungojea kazi mlangoni pa hoteli, na anayeambiwa angoje mpaka karafuu ziuzwe, huyo ameshakwenda.

Neno moja kwa wanachama ambao mashamba yao yanakaribia pwani. Tumesikia kwamba wako watu wanaopita wakiuliza majina ya wenye mikarafuu na minazi. Kumbukeni kwamba ardhi katika visiwa hivi ni mali ya umma, na fidia aghalabu huhesabiwa kwa vipando na majengo. Mkarafuu mchanga huchukua miaka sita au zaidi kabla haujaanza kuzaa, kisha huweza kuzaa maisha ya watu wawili. Atakayekuhesabia mti kwa mavuno ya mwaka mmoja au miwili amekuibia yaliyobaki. Msitie sahihi karatasi yoyote kabla hamjaipeleka kwa katibu wa tawi, wala msipokee fedha za "kishika mkono". Palipo na njia ya kupatana kodi ya kila mwaka badala ya malipo ya mara moja, chagueni kodi, hata ikionekana ndogo.

Twajua kwamba wenzetu walioleta shauri la hoteli watajibu, na kurasa hizi ziko wazi kwao katika toleo lijalo. Tunawaomba watuletee mambo matatu kwa maandishi: vyumba vingapi vimelaliwa kila mwezi, masika ikiwamo, katika hoteli iliyo jirani na mahali wanapopataka, wakala gani atawaletea wageni na atalipa baada ya siku ngapi, na benki imetaka rehani ya kitu gani. Tumesikia, wala hatujathibitisha, kwamba iliyotajwa ni ghala letu. Kama ndivyo, wanachama waambiwe kabla ya siku ya kupiga kura.

Hesabu ya mfano iliyoandikwa hapa juu, pamoja na makadirio ya sakafu, maghala na gari, itabandikwa katika kila tawi. Makatibu wameombwa waisome kwa sauti baada ya sala ya Ijumaa kwa ajili ya wanachama ambao macho yao hayafikii tena maandishi madogo, na wapokee maswali yao mpaka wiki moja kabla ya Mkutano.